Mwombe Awe Karibu Kwanza: Mafunzo Niliyopata Muyinga na Gitega

Nilikuwa mtoto Muyinga wakati Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, alipouawa, tarehe 21 Oktoba 1993. Mauaji yalipoanza, tulikimbilia Ngara, Tanzania, kwa kupitia mpaka wa Kobero. Nilipokuwa mtu mzima nikahamia Gitega kikazi. Niliyojifunza kuhusu kumwomba Mungu katika dhiki ni haya.

1. Omba ukaribu kabla ya kuomba kutolewa.

Njiani, mama hakuomba kama nilivyozoea kumsikia kanisani. Hakutaja bunduki wala mpaka. Alirudia jambo moja tu: Mungu, usituache. Jirani yetu Mwislamu, tuliyekimbia naye, alikuwa akisoma dua ya Nabii Yunus. Baadaye, katika kambi ya wakimbizi, alinieleza maana yake, nikashangaa. Yunus yumo tumboni mwa samaki, gizani, lakini dua yake haina hata neno moja la kuomba atolewe. Anakiri kwamba hakuna mungu ila Yeye, anamtakasa, anaungama kosa lake. Habari ya kuokolewa inakuja katika aya inayofuata. Hata Zaburi ya 22, ambayo Yesu aliinukuu msalabani, inaanza kwa kuulilia umbali wa Mungu. Maadui na upanga vinatajwa baadaye.

Anayeomba kutolewa tu, siku zikirefuka huchoka. Anayeomba Mungu awe karibu ana pa kushika hata kama mlango bado umefungwa. Tuliishi kambini miaka mingi, na nimeyaona hayo kwa macho yangu.

2. Kuokoka kwangu si ushahidi kwamba niliomba kuliko wengine.

Hili lilinichukua muda, na Gitega ndiyo iliyonifundisha. Kibimba iko kando ya barabara ya Bujumbura kwenda Gitega. Oktoba 1993 wanafunzi wa sekondari zaidi ya 70, Watutsi, walichomwa moto pale katika kituo cha mafuta. Leo pana mnara wa kumbukumbu. Eneo lile ni la misheni ya Kanisa la Marafiki (Quaker). Wale vijana walisoma katikati ya sala. Wahutu wengi mno nao waliuawa katika visasi vilivyofuata. Julai 1996 watu zaidi ya 300 waliuawa katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Bugendana. Tarehe 9 Septemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu wa Gitega, Joachim Ruhuna, aliuawa katika shambulio la kuvizia. Nani atathubutu kusema askofu mkuu hakujua kuomba?

Ndiyo maana moyo huniuma ninaposikia mtu akishuhudia kanisani kwamba yeye na jamaa zake walipona kwa sababu walifunga na kukesha, huku mjane ameketi benchi la nyuma. Toa shukrani zako zote, lakini zisigeuke kuwa hukumu juu ya wafu wa mwenzako.

3. Kumlalamikia Mungu ni kuomba.

Anayemuuliza Mungu "mbona umetuacha?" bado anazungumza naye. Usimnyamazishe.

4. Mara nyingi Mungu hukaribia kupitia watu.

Mwaka 1994, vita vikiwa bado vinaendelea, Kibimba iliunda kamati ya amani iliyowakutanisha Wahutu na Watutsi. Kwangu huo ni muujiza mkubwa kuliko mingi ninayotangaziwa. Na kila tarehe 15 Agosti, mahujaji wanapokusanyika katika eneo la hija la Mugera, huwa nawaona watu ambao familia zao zilikimbiana wakipiga magoti pamoja. Hakuna anayeulizwa wazazi wake walikuwa upande gani.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimjua mtu aliye taabuni, usimtumie tu ujumbe kwamba unamwombea. Nenda kwake, keti naye, mwombe pamoja. Na akikuuliza kwa nini Mungu hakumwokoa mtoto wake, usimtungie jibu.