VIUNGO VYA ROBOTI YA DARASANI

Siku hizi katika baadhi ya shule watoto hufundishwa kuunda roboti. Wewe mzazi wa Mbagala au Tandale unaweza kukuta vipande vya plastiki na nyaya chini ya kitanda, ukadhani ni takataka. Usivitupe. Kwanza tuvitambue.

Roboti ya darasani si mtu wa chuma. Mara nyingi ni kigari kidogo tu. Viungo vyake ni vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni vile vinavyobeba: fremu, magurudumu, skrubu na nati. Hivi havina shida. Fremu ikivunjika, hata kipande cha mbao kitafaa. Lakini betri ni nzito, basi ikae chini na katikati. Ikiwekwa juu, kigari hupinduka kama mkokoteni uliopakiwa vibaya.

Aina ya pili ni vile vya umeme. Hapa twende polepole.

Betri hutoa nguvu. Betri moja ya redio ina volti 1.5. Nne zikifuatana zina volti 6. Mota huzungusha magurudumu. Ukibadilishana nyaya zake mbili, huzunguka kinyume, haiharibiki. Jicho la roboti huitwa sensa. Ipo sensa inayotoa sauti tusiyoisikia. Sauti hiyo hugonga ukuta na kurudi, kama ile ya popo usiku. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo bodi hupima muda na kujua ukuta uko umbali gani.

Na bodi je? Ndiyo ubongo. Ni kipande bapa kama kiganja. Hufuata maagizo ambayo mtoto ameyaandika kwenye kompyuta. Bodi moja maarufu, Arduino, ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wapate bodi ya bei nafuu.

Bodi ni kama msimamizi: hutoa amri, lakini habebi gunia. Mota huvuta umeme mwingi. Ukiiunganisha na bodi moja kwa moja, bodi yaweza kuungua. Kwa hiyo katikati huwekwa kipande cha kuendesha mota. Bodi hukiamuru, nacho huchukua nguvu kwenye betri.

Mimi mwenyewe nimeshaunguza bodi, tena mbele ya darasa la jioni huko Temeke. Niliweka waya mwekundu wa betri mahali pa mweusi. Nikawasha. Ukatoka moshi mwembamba na harufu ya plastiki, basi. Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ndiyo imeshawaka?" Nikanyamaza. Bodi ile ilinunuliwa kwa michango ya wazazi, na baadhi yao huuza vitumbua.

Tangu siku ile, kabla ya kuwasha, mmoja hugusa kila waya kwa kidole na yule mama husoma alama kwa sauti: "Mwekundu, jumlisha. Mweusi, toa." Mara mbili amenikamata nimekosea.

MASWALI
1. Kwa nini betri ikae chini?
2. Kati ya bodi na mota huwekwa nini?
3. Tafuta redio mbovu ya betri. Toa betri, kisha uifungue. Bodi iko wapi? Waya mwekundu unaelekea wapi?