Simuleta ya Zamani Kwenye Kompyuta Mpya: Mwongozo kwa Watumiaji wa Flight Simulator 2004 na FSX

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyehamisha simuleta yake ya urubani kutoka kompyuta ya Windows XP au Windows 7 kwenda mashine ya Windows 10 au 11, akakuta haifunguki, inaganda, au inafunguka lakini ndege haitii mkono. Tumejikita kwenye matoleo mawili ya Microsoft ambayo bado yana wapenzi wengi: Flight Simulator 2004, iliyotoka mwaka 2003 kuadhimisha miaka 100 tangu ndugu Wright waruke, na Flight Simulator X ya mwaka 2006, ambayo watumiaji huiita FSX. Studio iliyozitengeneza, ACES, ilifungwa Januari 2009. Hakuna sasisho rasmi la kusubiri kwa matoleo hayo ya diski. Kinachowezekana kufanywa kitafanyika hapo ulipo wewe.

Faili za simuleta yenyewe ni nadra kuwa na kasoro. Kilichobadilika ni Windows. Kufuli ya diski iliyokubalika mwaka 2003 leo inakataliwa, folda zilizokuwa wazi kwa kila programu sasa zinalindwa, na vifaa vilivyochomekwa nyuma ya kompyuta havina tena tundu la kuingia. Ndiyo maana kufuta na kusakinisha upya, tena na tena, hakuleti nafuu: unaisimika programu ileile mbele ya mlango uleule uliofungwa. Tafuta kwanza ni mlango upi, kisha badilisha jambo moja, washa, jaribu. Ukibadilisha matano kwa mpigo, hata ikipona hutajua ni dawa ipi iliyoponya.

Kabla ya kuiachia kompyuta ya zamani

Usiiuze wala kuifuta bado. Ndani ya folda ya nyaraka zako kuna folda ya "Flight Simulator Files" kwa toleo la 2004, au "Flight Simulator X Files" kwa FSX. Humo ndimo zilimo safari ulizohifadhi na mipango ya safari; kwa FSX mna pia kitabu chako cha saa za urukaji, faili iitwayo logbook.bin. Nakili folda nzima kwenye flashi. Nakili pia ndege na mandhari ulizonunua au kupakua, pamoja na namba zake za leseni, kwa kuwa baadhi ya waliozitengeneza wameshafunga biashara na huwezi kuwaomba tena.

Usinakili folda kuu ya programu ukidhani itafanya kazi upande wa pili. Simuleta huandikisha habari zake kwenye sajili ya Windows wakati wa kusakinishwa, na vifurushi vya ndege huisoma sajili hiyo ili kujua simuleta iko wapi. Folda iliyobebwa mkononi haina maandishi hayo.

Diski inayokataliwa

Hapa ndipo wenye toleo la 2004 wengi hukwama. Usakinishaji unakwenda salama hadi mwisho, unabofya alama ya ndege, na aidha simuleta inakuomba uingize diski ambayo tayari imo, au hakuna kinachotokea kabisa. Diski haijachubuka. Tatizo ni kinga dhidi ya nakala haramu iitwayo SafeDisc, ambayo ilitegemea draiva moja ya Windows, secdrv.sys. Draiva hiyo ilifanya kazi ndani kabisa ya mfumo, na mwaka 2007 ilibainika kwamba ilikuwa na upenyo ambao mtu mwenye nia mbaya angeutumia kujipa mamlaka kamili ya kompyuta. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft haikuiruhusu tena. Septemba mwaka huohuo ikatoa sasisho lililoizima pia kwenye Vista, 7 na 8. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akirusha ndege vizuri kwenye Windows 7 angeweza kuamka siku moja na kukuta diski imekataliwa, bila yeye kugusa chochote.

Mtandaoni utakutana na tiba mbili zinazosifiwa sana. Ya kwanza ni kurudisha secdrv.sys kwa nguvu, kwa kulegeza ukaguzi wa saini za draiva. Hatuishauri. Unafungua tundu la usalama katika kompyuta unayotumia kwa benki na barua pepe ili tu uruke kutoka Kilimanjaro hadi Nairobi. Ya pili ni kupakua faili ya fs9.exe (FS9 ni toleo la 2004) iliyovunjwa kufuli. Mbali na suala la sheria, faili za namna hii ni chambo kizuri cha wasambaza virusi: anayeitafuta ana hamu, na maelekezo ya tovuti humwambia mapema kwamba antivairasi itapiga kelele na aizime. Tovuti inayokuambia uzime kinga kabla ya kufungua faili yake imeshakuonyesha rangi yake.

Njia salama zipo, ingawa si tamu sana. Ukiweza, ibakize kompyuta ya zamani kama mashine ya simuleta tu, isiyounganishwa na intaneti. Ama hamia FSX. Toleo la FSX la diski halitumii SafeDisc. Linahitaji ufunguo wa bidhaa. Toleo lililotolewa kupitia Steam mwishoni mwa 2014, likiandaliwa na Dovetail Games, halina habari ya diski kabisa, limejumuisha masasisho ya awali pamoja na nyongeza ya Acceleration, na ndilo tungemshauri mtu anayeanza upya leo. Kama kompyuta yako mpya haina mahali pa kuingiza diski na bado unataka FSX ya boksi, kisomaji cha nje cha DVD cha USB kinatosha.

Matoleo ya zama za DOS, kama lile la 5.0 la mwaka 1993, ni habari nyingine. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, basi. Lakini programu ya bure ya DOSBox huiga kompyuta ya enzi hizo, na matoleo hayo hukimbia humo bila taabu kubwa.

Mahali pa kusakinisha

Kisakinishi kitapendekeza folda ya Program Files. Kataa. Tengeneza folda yako moja kwa moja kwenye diski ya ndani ya kompyuta, kwa mfano C:\FS9 au C:\FSX, na usakinishe humo.

Sababu ni hii. Kuanzia Windows Vista, programu za kawaida haziruhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Windows haikutaka programu za zamani zife ghafla, ikazitengenezea ujanja: programu inapojaribu kuandika humo, faili inapelekwa kimyakimya kwenye folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData\Local ya mtumiaji. Programu inadhani imeandika ilipotaka. Wewe ukifungua Program Files kutazama, faili huioni, au unaona ile ya zamani. Ukiirekebisha hiyo, simuleta inaendelea kusoma nakala iliyofichwa. Matokeo yake ni vioja: ndege uliyoisakinisha haionekani kwenye orodha, taa ulizorekebisha kwenye aircraft.cfg zinabaki zilivyokuwa, mandhari yanakuja leo na kesho hayapo. Watu wengi wamelaumu waliotengeneza ndege, kumbe mkosaji ni folda.

Kama ulishasakinisha ndani ya Program Files, angalia kwanza VirtualStore kama kuna folda yenye jina la simuleta. Ukiikuta, umepata chanzo cha sehemu ya matatizo yako. Hapo kusakinisha upya mahali pengine kuna maana. Mara ya kwanza ya kuiwasha, bofya kulia na uiendeshe kama msimamizi ili imalize kuandikisha mambo yake. Baada ya hapo, ikiwa nje ya Program Files, kwa kawaida haihitaji tena mamlaka hayo.

Inafunguka, kisha inajifunga

Anza na faili ya mipangilio. Andika %APPDATA%\Microsoft kwenye upau wa anwani wa kivinjari cha faili, fungua folda ya FS9 au FSX, na ubadilishe jina la fs9.cfg au fsx.cfg. Usiifute, utaihitaji kulinganisha. Simuleta ikikosa faili hiyo huandika nyingine mpya inayolingana na kadi ya michoro iliyopo. Mtu aliyeibeba cfg yake kutoka kompyuta ya zamani amebeba pia maelezo ya kadi ambayo haipo tena.

Ukipata ujumbe wa Windows unaotaja "side-by-side", kinachokosekana ni vifurushi vya Visual C++ vya mwaka 2005, vile vya biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64. Ukitajiwa faili inayoanza na d3dx9, sakinisha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010. Vyote vichukue kutoka tovuti ya Microsoft. Kamwe usipakue faili moja ya dll kutoka kwenye maghala ya dll yanayojitangaza mtandaoni.

Kuna ugonjwa mmoja wa FSX ya diski unaostahili kutajwa peke yake: unafungua na kufunga menyu mara kadhaa katikati ya safari na simuleta inatoweka. Ukifungua kitazama matukio cha Windows, utaona jina la UIAutomationCore.dll. Wenye uzoefu huweka toleo la zamani la faili hiyo, la enzi za Vista, ndani ya folda ya FSX, na ugonjwa hupona. Kama bado una kompyuta au diski halali ya Vista, ichukue humo. Kama huna, punguza kufungua menyu ukiwa angani na utumie vitufe vya kibodi.

Mashine ghali, picha nzito

Malalamiko haya yanauma zaidi, maana mtu amelipia. Kompyuta ina viini 12 na kadi ya bei mbaya, lakini FSX juu ya London inakwama kama zamani. Ilitengenezwa wakati prosesa za viini vingi zilikuwa ndio kwanza zinaingia majumbani. Sasisho lake la kwanza, la 2007, liliipa viini vingine kazi ya kupakia mandhari, lakini kazi kuu bado inabebwa na kiini kimoja. Kinachoisaidia ni kasi ya kiini hicho. Ukienda kununua, uliza kasi kabla ya idadi.

Kumbukumbu nayo ina ukomo usiotegemea ulichonunua. FSX ni programu ya biti 32. Hata ukiwa na GB 32, yenyewe haiwezi kuvuka 4. Inapokaribia kujaa, husikika mlio mdogo wa kengele, na tena, na tena, wakati ndege bado inaruka vizuri. Ukiusikia katika safari ndefu yenye mandhari mazito, hifadhi safari mara moja. Kinachofuata ni ujumbe wa kuishiwa kumbukumbu na kufungwa. Punguza idadi ya majengo na miti, na zima vifurushi vya mandhari vya nchi ambazo hupiti.

Ukiona sehemu za ndege au majengo zikikosa picha huku kompyuta ikiwa na nguvu za kutosha, fungua fsx.cfg, tafuta kichwa cha [GRAPHICS] na uongeze chini yake mstari HIGHMEMFIX=1. Mstari huo mmoja umewaokoa wengi. Kwenye kompyuta mpakato yenye kadi mbili za michoro, hakikisha katika mipangilio ya skrini ya Windows kwamba simuleta imepewa kadi yenye nguvu. Mara nyingi Windows, ikiona programu ya zamani, huipa ile dhaifu ili kubana betri.

Jostiki

Jostiki yenye plagi pana ya pini 15 imestaafu, kwani Windows iliacha kuitambua tangu Vista. Za USB, hata za miaka ya 2000, nyingi hufanya kazi. Ikiwa inakatika katikati ya safari, fungua kidhibiti cha vifaa, nenda kwenye vitovu vya USB, na ondoa alama inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Ikiwa ndege inayumba bila kuguswa, tazama kama usukani na pedali vyote viwili vimepewa mhimili mmoja. Simuleta hugawa mihimili yenyewe kila inapoona kifaa kipya. Na ukishapata tundu la USB linalofanya kazi, libakize lilelile.

Si kila hitilafu iko kwenye vifaa vyako: chumba cha kuchezea pamoja mtandaoni ndani ya FSX ya diski kilitegemea huduma ya GameSpy, iliyofungwa Mei 2014. Kisipofunguka, acha kuhangaika na mipangilio ya intaneti yako.

Uwanja usiofanana na unaoujua

Baada ya yote kukaa sawa, wapo wanaotuuliza kwa nini Dar es Salaam ndani ya simuleta haina jengo la tatu la abiria. Jengo hilo lilifunguliwa 2019. FSX iliufunga ulimwengu wake mwaka 2006. Kwa Stansted, Uingereza, tofauti iko kwenye namba zenyewe za njia ya kurukia: zamani ilikuwa 05/23, na mwaka 2009 ikawa 04/22 kwa sababu ncha ya sumaku ya dunia inahama polepole. Ukifuata chati ya leo ndani ya simuleta ya jana, dira itakupinga kwa nyuzi kadhaa, na wewe utadhani kifaa kimeharibika.

Kwa hiyo mwanafunzi wa urubani asitumie data za ndani ya simuleta kupanga safari halisi, hata ya Cessna kutoka Zanzibar kwenda Pemba. Data rasmi hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga ya kila nchi, na mabadiliko yake huanza kutumika kwa mizunguko ya siku 28.