Ekstensheni ipite juu

Nyumba inayokarabatiwa huku wenyewe wakiishi humo mara nyingi hubaki na soketi moja tu ya kutegemewa, ile ya sebuleni. Kutoka hapo ekstensheni moja inaburutwa hadi bafuni kwa fundi vigae, nyingine hadi chumbani kwa fundi wa dari, na saidia fundi anapita katikati amebeba ndoo ya zege. Kufika saa nne asubuhi hakuna anayejua waya upi ni wa nani.

Panga njia ya waya kabla hakijachomekwa chochote. Tazama watu watapita wapi, toroli litapita wapi, kisha waya upewe njia yake. Njia nzuri kuliko zote ni ukutani, juu ya fremu za milango. Dari likiwa limeshushwa, utundike kwenye kenchi. Pakiwa na jukwaa la mirunda, kwenye mirunda. Ukuta ukiwa mtupu, pigilia vipande vya mbao kila baada ya hatua mbili hivi, ila usipigilie msumari juu wala chini ya swichi au soketi, kwa sababu nyaya zilizofukiwa ukutani kwa kawaida hupita hapo. Fungia kamba ya katani au kipande cha tyubu ya baiskeli. Waya wa kufungia nondo na msumari uliokunjwa havifai kabisa: chuma hula ganda polepole, na umeme wetu ni wa volti 230.

Kupitisha waya dirishani ni bora kuliko mlangoni, kwani mlango unaofungwa na kufunguliwa kutwa nzima huubana. Lakini madirisha yetu yana nondo. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, kipasue kwa urefu, uvishe waya pale unapogusa chuma.

Pasipo budi kupita sakafuni, tuseme kizingitini, laza mbao mbili za 2 kwa 2 sambamba, waya ukae katikati, toroli lipite juu. Usiufiche chini ya mkeka, nailoni wala mchanga. Ukifunikwa hushindwa kutoa joto, na mwenye beleshi hauoni.

Joto ndilo wengi wanalolisahau. Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu hupendwa kwa sababu waya uliobaki haumsumbui mtu. Hapo ndipo hatari ilipo: ukiwa umeviringishwa, hauna pa kupoa. Plagi ya ampea 13 inaruhusu takriban wati 3,000, lakini waya ule ule ukiwa kwenye gurudumu hubeba chini ya nusu ya hapo, na grainda kubwa ya inchi 9 peke yake hufika wati 2,000 na zaidi. Ufungue wote, na uliozidi uutundike kwa mizunguko mipana. Afadhali zaidi ununue ekstensheni ya urefu unaokutosha, yenye waya wa milimita 1.5 au 2.5, nyembamba iache kwa taa na redio.

Mahali plagi na soketi zinapokutana pawe juu ya matofali, mbali na ndoo na mashine ya kukatia vigae kwa maji. Waya uning'inie kidogo chini ya soketi ili tone likiteremka lidondokee hapo. Zile nyaya zinazoingizwa kwenye soketi bila plagi, zikabanwa kwa njiti za kiberiti, zikatae hata fundi akikuapia kwamba amefanya hivyo miaka yote. Mtu akijikwaa, ncha hutoka zikiwa uchi na zenye umeme.

Mwenye grainda aupitishe waya begani, ushukie mgongoni, na asiiweke mashine chini mpaka diski isimame, kwani huendelea kuzunguka hata swichi ikishazimwa.

Jioni chomoa kila kitu. Asubuhi, kabla ya kuchomeka, pitisha vidole kwenye waya wote mwanzo hadi mwisho. Uliochubuka usiufunge tepu na kuurudisha kazini: ukate palipochubuka, fundi umeme aufunge plagi mpya, utumike ukiwa mfupi.