Maumivu ya Misuli Uzeeni: Tabibu Ajibu

Swali: Mama yetu, mwenye umri wa miaka 71, hapa Mbeya, kila alfajiri hushindwa kujigeuza kitandani, wala hawezi kuinua mikono ajifunge kilemba. Ikifika adhuhuri huwa hajambo. Majirani wasema ni baridi ya Juni.

Jibu: Baridi ya mji huu, ulioko takriban mita 1,700 juu ya bahari, huzidisha ukakamavu, lakini siyo iletayo maradhi. Dalili ulizozitaja zafanana na ugonjwa ambao William Bruce, tabibu wa Uskochi, aliueleza mwaka 1888, nasi leo twauita polimialjia: huwapata waliovuka miaka 50, wanawake zaidi ya wanaume, ukashika mabega, shingo na nyonga pande zote mbili. Kwa kuwa kwa Waafrika ni nadra, tabibu mwangalifu halitamki jina hilo kabla hajatazama kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, tezi ya shingo na saratani ya uboho.

Swali: Kipo kipimo cha kukata shauri?

Jibu: Hakipo. Kilichopo husaidia tu: damu huachwa katika mrija uliosimamishwa wima, na baada ya saa moja hutazamwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Zikishuka kwa kasi, huenda kuna uvimbe mahali, ila mrija hausemi ni wapi.

Swali: Na dawa?

Jibu: Prednisoloni, kwa kawaida miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku, na mara nyingi nafuu huonekana katika siku chache. Hapo ndipo fitina huanzia, maana mgonjwa akijiona mzima huacha vidonge ghafla, ilhali tezi zilizo juu ya figo zimekwisha kuzoea kutofanya kazi yake, naye aweza kuanguka kwa udhaifu. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa mwaka mmoja au zaidi. Isitoshe, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Kwa hiyo kuinunua dukani bila cheti ni hatari. Kwa ajili ya mifupa, maziwa ya Rungwe na dagaa wa Nyasa, wanaoliwa pamoja na mifupa yao, vitamfaa.

Swali: Lipi lisilongoja?

Jibu: Maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, taya kuuma atafunapo, au jicho kuingia giza ghafla. Huo huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu, nao hupofusha. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni kesho.