Mdogo wangu, acha kubonyeza hiyo rimoti

Hebu kaa hapa karibu, mdogo wangu. Nimesikia mlango wa gereji yako umeinama, kona moja juu nyingine chini, na wewe kila alfajiri bado unabonyeza rimoti huku ukiomba dua ufunguke uwahi shifti. Sikugombezi. Sisi tuliokulia kwenye mageti ya kusukuma kwa mkono na komeo la chuma, nani alitufundisha habari za mlango unaopanda darini wenyewe? Umefika huku Minnesota, umehangaika mpaka ukapata nyumba, ukakabidhiwa funguo na rimoti, basi. Hakuna aliyekwambia kwamba pale juu, unapopita na mtoto mgongoni na mifuko mikononi, pana chuma kilichokazwa usiku na mchana.

Nikueleze kwanza, maana ukijua utaogopa panapostahili. Mlango wa magari mawili, ule wa futi 16 kwa 7, hata wa bati unaweza kukaribia kilo 100, na wa mbao huzidi hapo. Ile mota ya darini haibebi mzigo huo. Anayebeba ni springi, ile nene iliyovishwa kwenye ufito wa chuma juu ya mlango. Kila mwisho wa ufito pana gurudumu lenye mifereji, na humo imezungushwa kebo, waya wa nyuzi nyingi za chuma zilizosokotwa, inayoshuka mpaka kwenye kishikizo cha kona ya chini ya mlango. Kebo ni mbili, moja kila upande, na unene wake ni kama milimita 3 tu. Moja ikikatika, uzito unaielemea nyingine, mlango unapinda, unakwama kwenye reli. Sasa wewe ukibonyeza tena na tena, unaivuta hiyo moja iliyobaki mpaka nayo ichoke.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Ilikuwa Novemba, nafagia gereji, glavu yangu ikanasa kwenye kitu pale chini karibu na kishikizo. Nikainama nikaona nyuzi tatu za kebo zimechomoza kama brashi kuukuu, na kutu nyekundu inatoka unga ukiigusa. Ni ile chumvi ya barabarani, mdogo wangu. Matairi huileta pamoja na theluji, inayeyuka, maji yanatuama mlangoni, kebo inaliwa kuanzia chini ambako hakuna anayeangalia. Mimi niliangalia, nikaona, nikasema itangoja mpaka mshahara ujao. Mshahara ukaja na mambo yake. Januari asubuhi moja kebo ikakatika kwa kishindo kama risasi, waya ukachapa ukuta, na mwanangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, anafunga zipu ya koti. Hakuguswa. Lakini siku ile sikuweza kuendesha gari. Miguu ilikuwa inatetemeka. Mpaka leo nikiukumbuka ule mstari uliochubuka ukutani, usawa wa shingo yake, tumbo linanikaza.

Na shemeji yako, kwa mapenzi tu ya kutaka kuokoa pesa, akachukua spana akainama kufungua kishikizo cha chini cha ule upande mwingine, alinganishe. Nikampigia kelele. Mlango ukiwa umefungwa, ndipo springi imekazwa zaidi, na nguvu yote hiyo imening'inia kwenye zile bolti. Ukizilegeza, kile chuma kinaruka, na kinakuta mkono au uso. Wahenga waliposema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakuwa wamewahi kuona gereji, lakini walituona sisi. Kaka zangu mnaojifunza kwa video za dakika kumi, nawapenda, tengenezeni bomba la jikoni, pakeni rangi, lakini springi na kebo waachieni wenye kazi yao.

Fundi aliyekuja, mzee mmoja mtulivu, hakugusa kebo kwanza. Alichomoa mota kwenye umeme, akabana mlango kwenye reli usipande, kisha akapanda ngazi na vyuma viwili vya kuchomeka kwenye kichwa cha springi, akailegeza robo mzunguko kwa robo mzunguko, anahesabu kwa sauti. Ndipo akavua kebo. Na alibadilisha zote mbili, ijapokuwa moja ilionekana nzima, kwa kuwa zimezeeka pamoja. Ukipata fundi anayetaka kubadilisha moja tu, muulize kwa nini. Ukipata anayetangaza bei ya kutupa, halafu akifika anasema kila kitu kimekufa kuanzia springi mpaka mota, mwambie ahsante, piga simu kwingine. Uliza jumla kabla hajafungua begi, iandikwe, na mwambie akuonyeshe kilichoharibika kwa macho yako. Si ukorofi huo, ni haki yako. Lakini pia usimwone tapeli kila anayetaja springi: nyingi hutengenezwa kwa makadirio ya kufungua na kufunga mara 10,000, na nyumba inayofungua mara nne kwa siku huzimaliza kwa karibu miaka saba.

Na wewe mwingine uliyepanga nyumba, mbona umenyamaza? Najua, unaogopa mwenye nyumba ataongeza kodi, au atasema umeharibu wewe. Piga picha, mwandikie leo, tarehe ionekane. Kunyamaza ndiko kutakakokuponza, maana kesho mlango ukiangukia gari, wewe ndiye utakayeulizwa ulijua tangu lini.

Na kuna ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota. Wengi huikimbilia mambo yakikwama. Mlango ukiwa umefungwa na mzima, ivute tu, ndiyo kazi yake umeme ukikatika. Ila mlango ukiwa umekwama juu na kebo imelegea au imekatika, usiiguse, nakusihi. Ukiivuta unauachia mlango wote ushuke kwa uzito wake, na chini yake umesimama wewe.

Kwa hiyo jioni hii, watoto wakishalala, chukua tochi. Mlango ukiwa umefungwa, piga magoti kwenye kona zote mbili, mulika, tazama kwa macho bila kushika. Ukiona uzi umechomoza, kutu, au kebo imelegea kama kamba ya kuanikia nguo, chomoa mota kwenye umeme, bandika karatasi juu ya swichi ya ukutani, andika kwa herufi kubwa USIGUSE, kisha ingiza zile rimoti kwenye mkoba wako. Kesho nenda kazini kwa basi, au mwombe jirani lifti. Ukichelewa, mwambie msimamizi wako ukweli.