Chumvi, magadi na figo za mama mjamzito

Mwezi huu tuzungumzie figo za mama mjamzito na vitu tunavyotia chunguni.

Figo huchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Wakati wa mimba kazi hiyo huongezeka kwa karibu nusu, kwa hiyo tusizitwishe mzigo usio wa lazima.

1. Chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Lakini tusiiache kabisa. Madini joto yaliyomo huhitajika kwa ubongo wa mtoto.

2. Magadi. Yana sodiamu kama chumvi. Maharage yakilowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi.

3. Viungo vya mchuzi vya pakiti. Vingi vimejaa chumvi. Ukivitumia, usiongeze chumvi nyingine.

4. Soseji na soda nyeusi. Soseji huwa na chumvi nyingi, na soda hizo zina asidi ya fosfori. Figo nzima huitoa fosfori ya ziada. Figo zenye ugonjwa hushindwa, ikabaki katika damu.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Mama akivimba uso na mikono, majirani humwambia, "Acha chumvi, itapungua." Anakaa nyumbani akingoja, kumbe ni dalili ya kifafa cha mimba. Ugonjwa huu hutokea baada ya wiki 20 za mimba. Shinikizo la damu hufika 140/90 au zaidi, na mara nyingi figo huvujisha protini kwenye mkojo. Kupunguza chumvi hakuuzuii wala hakuutibu, nao huweza kumwua mama na mtoto.

Mwanzoni mama huweza kujisikia mzima. Ndiyo sababu kliniki tunapima shinikizo na mkojo. Tuanze kliniki kabla ya wiki 12. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au shinikizo la damu aseme siku ya kwanza, maana huenda akahitaji dawa ya kinga mapema.

Dalili hizi hazingoji kesho:
– kuumwa sana kichwa;
– kuona ukungu au vimulimuli;
– maumivu chini ya mbavu;
– kuvimba uso na mikono ghafla;
– kupata degedege.

Akina baba, wekeni akiba ya nauli mapema. Mkiona dalili mojawapo, mleteni mama hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.