Printa Inayokwama Kwenye Picha

Swali: Nina saiba hapa Kabazi. Karatasi za mtihani zinatoka vizuri, lakini vijitabu vya mazishi vyenye picha huikwamisha printa yangu ya leza. Niipangieje kumbukumbu?

Jibu: Printa nyingi za leza hupanga ukurasa mzima kwenye kumbukumbu kabla ya kuuchapa. A4 moja nyeusi, nukta 600 kwa inchi, ni takriban megabaiti 4 bila kubanwa. Ya rangi, mara nne yake. Chapisha ukurasa wa usanidi uone kiasi halisi, kisha uandike hichohicho kwenye mipangilio ya printa katika Windows. Usizidishe! Kompyuta itatuma kazi ambayo printa haiwezi kuibeba. Kabla ya kufuata chipu ya kumbukumbu Nakuru mjini, jaribu nukta 300: mzigo hubaki robo. Printa nyingi za bei nafuu hazina hata nafasi ya kuongeza chipu hiyo.